Usimuue Bado

Juzi usiku nilikuwa nimeshazima taa, simu ikalia. Binti mmoja ambaye amekuwa akinisoma tangu yuko sekondari ameniandikia: "Shikamoo dada. Naandika riwaya, mhusika wangu mkuu ana kansa. Naomba ushauri wako, nimuue sura ya ngapi?"

Nilicheka mpaka Baba Nasra akageuka. Nikamsomea. Yeye hakucheka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwambie asimuue bado," akavuta shuka, akalala.

Leo ni siku ya tatu nalitafuna swali hilo. Nalijibu hapa hadharani kwa sababu najua binti huyu hayuko peke yake. Wewe unayenisoma una riwaya kwenye droo au muswada wa filamu kwenye simu, na humo ndani kuna mtu anaumwa. Nawajua. Kila mwezi mnanitumia, na kila mwezi nafungua kazi nzuri kabisa, lugha tamu, halafu ukurasa wa tatu mtu anakohoa kwenye leso nyeupe.

Nianze na dhambi zangu. Nikiwa kidato cha tatu, Tanga, niliandika hadithi ya msichana aitwaye Zawadi mwenye kansa ya damu. Sikujua kansa ya damu inaanzaje wala inatibiwaje. Nilichojua ni kwamba inachagua wasichana wazuri. Zawadi alitokwa damu puani mara moja tu, akazidi kupendeza kila ukurasa, akafia mikononi mwa mpenzi wake mvua ikinyesha. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, wasichana wa viti vya nyuma wakalia, nikapewa kamusi. Kamusi hiyo ninayo hadi leo. Naionea haya, na kuitupa siwezi, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba najua kuandika.

Zawadi nilimtoa kwa mama. Mama na mashangazi zangu walikuwa watu wa sinema za Kihindi, na katika zote walizosimuliana barazani, Anand ya 1971 ndiyo iliyokula machozi mengi. Rajesh Khanna anaingia Bombay na kansa ya utumbo, amebakiziwa miezi isiyozidi sita, na karibu filamu nzima anacheka, anaimba, anatania hata watu asiowajua. Lakini angalia inavyoanza. Daktari wake, ambaye ni Amitabh Bachchan kabla hajawa Amitabh tunayemjua, anapewa tuzo kwa kitabu alichoandika kumhusu mgonjwa wake. Mgonjwa kafa, daktari kajifunza kuishi, na tuzo kachukua daktari. Mama aliipenda hivyo hivyo. Na mimi niliipenda, mpaka ilipofika zamu yangu.

Nilikuwa na miaka 33. Uvimbe ulikuwa titi la kushoto. Zahanati ya kwanza niliyokwenda waliniambia ni maziwa yameganda, nikandwe maji ya moto. Nilikandwa miezi mitano. Kuhusu miezi hiyo mitano naomba nisiandike zaidi, kwa sababu bado nikianza siwezi kuacha.

Siku ya majibu ya kipande cha nyama walichokata kwenye uvimbe ili kukipima, hospitali nyingine, daktari alisoma karatasi, akanitazama mimi, akamtazama mume wangu, akasema, "Baba, tuzungumze kidogo nje." Wakatoka. Mimi nikabaki na feni. Ilikuwa na panga moja limepinda, kila likizunguka linagonga, tak, tak, na mimi nahesabu. Nilifika mia mbili na kitu. Waliporudi Baba Nasra alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona tangu anioe, na daktari akaniambia kuna "operesheni ndogo". Ukweli wenyewe niliusikia wiki iliyofuata, kwenye benchi la kliniki, kutoka kwa mama mmoja muuza samaki wa Kilwa. Alichungulia kadi yangu bila aibu akauliza, "Na wewe ni titi?"

Hapo ndipo nilipoijua Love Story ni filamu gani. Ile ya 1970 iliyoliza dunia. Wengi tunakumbuka wapenzi, theluji na piano. Rudia kuitazama: daktari anamwita mume peke yake na kumwambia mkeo anakufa. Mume anarudi nyumbani kuigiza kwamba hakuna kitu, na sisi watazamaji tunakaa upande wake tukimhurumia kwa mzigo wa siri. Mwenye mwili ndiye wa mwisho kuambiwa. Mimi nilikuwa ndani ya chumba chenye feni, mwandishi yuko nje na mume wangu.

Miaka 18 kabla ya Love Story, mwaka 1952, mwongozaji Kurosawa wa Japani alikuwa ameshatengeneza filamu ya Ikiru. Mkuu mzee wa kitengo kimoja cha manispaa, Watanabe, amekwenda hospitali kwa maumivu ya tumbo. Anasubiri zamu yake. Mgonjwa mwenzake anamsogelea na kumnong'oneza: wakikuambia ni kidonda kidogo cha tumbo, na kwamba kula unachotaka, basi ujue ni kansa na huna hata mwaka. Watanabe anaingia ndani. Daktari anamwambia hivyo hivyo. Nilipoitazama kwenye kompyuta, miaka miwili baada ya yule mama wa Kilwa, ilibidi niisimamishe nikanywe maji. Mtu aliyekuwa Tokyo kabla mama yangu hajazaliwa alilijua benchi langu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa binti, na kwako: nenda kakae kwenye benchi. Usiende na daftari, utafukuzwa, na watakuwa na haki. Kuna mtu wa ukoo wenu ana kliniki mwezi huu na hana wa kumsindikiza. Msindikize. Mbebee faili, mnunulie maji, nyamaza.

Kwenye benchi utagundua jambo la kwanza ambalo filamu hazina: hakuna anayelitaja gonjwa. Kwenye makaratasi ni saratani, mtaani ni kansa, na benchini ni "haya matatizo", "huu mtihani", "hiki kitu". (Saratani kwa Kiarabu ni kaa, mdudu yule yule wa mikokoni, na kansa ya Kilatini nayo ni kaa. Sisi tuliokulia Tanga tunamjua kaa: hakujii kwa mbele.) Wahusika wenu wanalitaja kila mstari. "Mimi nina kansa, Joseph!" Hakuna mtu ninayemjua aliyemwambia Joseph hivyo.

Jambo la pili ni kwamba watu wanazungumza mambo mengine. Yule mama wa Kilwa, dripu ikiwa mkononi, kazi yake ilikuwa madeni. Nyuma ya kadi yake ya kliniki aliandika majina ya wote waliochukua samaki kwa mkopo, na juu kabisa alikuwa mpwa wake mwenyewe, pesa ya injini ya boti. Kila baada ya siku 21 alinipa taarifa ya mpwa. Kaahidi. Kahama. Kaonekana Somanga na simu mpya. Nilikuwa nasubiri mzunguko unaofuata wa dawa ili nijue mpwa kafika wapi. Siwatanii.

Alinisaidia pia kwa jambo ambalo hakuna nesi aliyenieleza. Dripu yangu ya kwanza ilikuwa na dawa nyekundu, nyekundu kama sharubati ya rozela. Usiku wa manane nimekwenda chooni, natazama, damu! Nilipiga ukelele nyumba nzima ikaamka. Baba Nasra alivaa viatu mguu usio wake, akatoka nje kutafuta bajaji, akarudi kuuliza tunakwenda wapi. Asubuhi nampigia mama wa Kilwa nalia, yeye anacheka mpaka anakohoa. "Hiyo ni rangi ya dawa, mwanangu. Kesho itakuwa chungwa." Na kweli, siku ya pili ikawa chungwa.

Mnaona? Hiyo ni sura nzima ya riwaya, na hakuna aliyekufa.

Binti aliniambia kitabu chake cha mfano ni The Fault in Our Stars cha John Green, cha mwaka 2012. Simlaumu, nami nililia. Na Green si mtu aliyeandika kutoka angani, aliwahi kuwa mhudumu wa kiroho katika hospitali ya watoto. Hazel, mhusika wake mkuu, anavuta mtungi wa oksijeni popote aendapo, anachoka akipanda ngazi, na anachukia mtu kumfanya funzo. Hayo yote yana ukweli. Lakini dawa inayomweka hai Hazel mwandishi ameitunga, haipo katika duka lolote, na hilo amelisema mwenyewe. Na safari kuu ya kitabu ni ndege ya kwenda Amsterdam kuonana na mwandishi. Safari ya mama wa Kilwa ilikuwa basi la alfajiri, kilomita zaidi ya mia mbili, amekaa kiti cha dirishani kwa sababu ya kutapika, na mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa nailoni. Ukiandika riwaya ya mgonjwa wetu na usiandike nauli, utakuwa umemwandika nani?

Mwandishi ninayemheshimu zaidi katika jambo hili ni Margaret Edson, Mmarekani. Kabla ya kuandika tamthilia yake Wit alikuwa karani wa wodi katika hospitali moja ya utafiti, Washington. Karani tu. Yaani alikaa kwenye benchi. Tamthilia ikapata Pulitzer mwaka 1999, na 2001 Emma Thompson akaiigiza katika filamu ya televisheni. Ni ya profesa wa mashairi mwenye kansa ya ovari, mwanamke mkali, msomi, aliyezoea kuwasahihisha watu, ambaye sasa amekuwa yeye ndiye maandishi yanayosomwa na madaktari vijana. Mgonjwa huyu hawi mtakatifu. Anabaki na kiburi chake. Na kuna usiku nesi anamletea barafu ya kijiti, wanaigawana, wanakula.

Mimi nilipofika hapo niliikumbuka barafu ya ukwaju. Wiki ya pili ya kila mzunguko mdomo wangu ulijaa vidonda, kila chakula kina ladha ya sarafu, na kitu pekee kilichopita ni barafu za ukwaju za shilingi mia mbili alizouza jirani. Nasra alikuwa na miaka sita. Alipewa kazi ya kwenda kununua, na kila siku alirudi na moja ikiwa imeshafyonzwa kidogo. Nilijua. Sikusema.

Sasa suala la uzuri. Mkosoaji wa filamu wa Marekani, Roger Ebert, aliwahi kuutungia ugonjwa wa sinema jina la Ali MacGraw, nyota wa Love Story: ugonjwa ambao dalili yake ni moja tu, mgonjwa anazidi kupendeza kadiri kifo kinavyokaribia. Alikuwa anatania. Baadaye kansa ikamshika yeye mwenyewe, ikamla taya, mwaka 2006 akapoteza sauti kabisa. Akaendelea kuandika uhakiki, na mwaka 2010 akakubali jarida limpige picha na uso wake kama ulivyo, bila taya. Kufa alikufa 2013. Nawaambia waandishi wenzangu, itazameni picha hiyo kabla ya kuandika sentensi yenye "uso wake uliong'ara kwa amani".

Filamu zikitaka kuonyesha kansa zinanyoa nywele. Kwetu pwani nani ataona? Mimi navaa ushungi tangu niko mdogo. Nywele zilipotoka zote, mtaa mzima haukujua. Kilichonisaliti ni nyusi. Mtu asiye na nyusi anaonekana kama yai. Nikawa nachora kwa wanja kila asubuhi, moja inapanda, moja inashuka, halafu nimesimama kwenye daladala, jua la saa saba, jasho linateremka, wanja unateremka nalo. Kondakta akaniuliza, "Mama, unalia?" Hapo ndipo nilipolia.

Titi nalo lilikuwa na kisa chake. Audre Lorde, mshairi Mweusi wa Marekani aliyetolewa titi mwaka 1978, ameandika jinsi alivyoletewa hospitalini kipande cha sufu cha kujazia sidiria, na kipande chenyewe ni cha waridi, rangi ya ngozi ya mtu mwingine. Kwangu aliyeleta ni mama. Alishona kifuko cha kitambaa, akajaza pamba, kikawa chepesi, kinapanda mpaka shingoni. Akakifumua akajaza choroko. Uzito ukawa sawa kabisa. Nilikivaa kwenye harusi ya mdogo wangu, na kila nikicheza choroko zinacheza na mimi, zinasema sshhk, sshhk, kama kayamba. Wifi yangu alidhani ni bangili.

Haya yote niliyaandika. Nikayapanga vizuri, nikatengeneza muswada wa filamu, kurasa 94, nikampelekea mtayarishaji mmoja ambaye jina lake silitaji. Aliusoma, hilo namshukuru. Akaniambia, "Dada, unajua kuandika. Lakini huyu mama hafi. Mtazamaji atalia saa ngapi?" Nikamwambia atalia kwenye daladala. Akasema haitoshi. Akataka pia mume akimbie na msichana wa kazi, kwa sababu "ndivyo ilivyo". Nikamwambia wangu hakukimbia. Alilala kwenye kiti cha plastiki cha wodi na kukoroma mpaka wagonjwa wakamlalamikia, lakini hakukimbia. Akasema mume anayekoroma si tukio.

Sikukubali, nikachukua muswada wangu. Mwaka uliofuata nikaiona filamu yake mtandaoni. Mke ana kansa ya titi, ana kope za bandia, anakohoa damu kwenye leso nyeupe, mume kakimbia na msichana wa kazi, na kuna mvua. Zawadi wangu wa kidato cha tatu, amekua, ameolewa. Walioitazama ni wengi kuliko watakaonisoma maishani. Nimesema nimesamehe. Mnaona wenyewe kama nimesamehe.

Ila hadithi ya choroko niliikata kutoka kwenye muswada huo, nikaipeleka kwenye shindano mwaka jana, na ikashika nafasi ya pili. Ya pili, kati ya hadithi zaidi ya mia. Nimelisema hili mara ngapi kwenye ukurasa huu? Nitalisema tena.

Turudi kwenye ushauri, maana mmeniomba ushauri. Mpe mgonjwa wako kazi. Mwigizaji Chadwick Boseman aliambiwa ana kansa ya utumbo mpana mwaka 2016, na akafa Agosti 2020. Katikati hapo, kati ya operesheni na dripu, aliigiza mfalme wa Wakanda katika Black Panther, akapigana, akaruka, watoto wa dunia nzima wakamwiga, na hakuna mtazamaji aliyejua. Sisi tulikwenda sinema kutazama mtu anayeishi na kansa, tukadhani tunatazama shujaa wa katuni. Siku hizo hizo, kwenye filamu za kansa, wagonjwa walikuwa wamelala kitandani wakitoa wosia. Kwa hiyo mpe kazi. Mpe deni la kudai, mtihani wa kusahihisha, chapati za kuuza, ugomvi na shemeji yake. Na ukishampa kazi, rudi kwenye benchi.

Na acheni vita. Acheni "pigana dada", "wewe ni jemadari", "usikubali kushindwa". Mnayatoa kwenye filamu mnatuletea wodini pamoja na machungwa. Mama wa Kilwa alifariki. Nilikosa kumwona mizunguko miwili, nikapiga simu, ikapokelewa na mpwa wake. Yule yule. Akaniambia, "Shangazi alishindwa vita." Nilitaka kumuuliza kuhusu injini. Mwanamke aliyepanda basi alfajiri mara nane, kadi mkononi, majina ya wadeni nyuma yake, alishindwa na nani? Dawa haikufanya kazi, basi. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini kabla hajafika Dar. Mimi niko hapa kwa sababu wangu haukuwa umefika, wala sikupigana kumshinda yeye. Nilikuwa nalala na kula barafu.

Kwa hiyo sisemi wahusika wenu wasife. Watu wanakufa, na riwaya inayoficha hilo ni ya uongo vile vile. Nasema msiwaue kwa kuwa mmechoka nao, au kwa kuwa hamjui wanafanya nini siku ya Jumatano. Mimi mwenyewe sijui niseme nimepona. Kila usiku nameza kidonge kile kile, mwaka wa sita sasa. Nilianza kwa kuambiwa ni miaka mitano, wakaongeza iwe kumi. Joto la ghafla linanipata katikati ya kikao nabaki najipepea na ajenda. Mkono wa kushoto ukivimba sibebi ndoo, na yeyote anayetaka kunipima presha mkono huo namrudisha. Daktari hasemi "umepona". Anasema, "Tuendelee kuangalia." Sijaona filamu inayomalizika kwa maneno hayo.

Jana nilimwandikia binti haya yote, kwa ufupi kidogo. Akasoma, zile alama mbili zikawa buluu, akakaa kimya kama saa nzima. Halafu akajibu: "Asante dada. Sasa kama hafi, hadithi inaishaje?"

Nikamwambia Jumanne nina kliniki. Aniulize Jumatano.